Polipi ya bahari ndani ya kioo: ile ya kuondoa na ile ya kuogopa

Ndugu zetu wengi wako leo Ulaya, Marekani na Kanada, na wamoja wao wanafanya kazi ya usafi katika nyumba za watu. Katika nyumba zingine kuna sanduku kubwa ya kioo yenye maji ya chumvi, samaki za rangi na mawe yenye kuota vitu kama maua. Hiyo ni akwariomu ya bahari. Kuisafisha inaonekana kama kazi ya sponji na ndoo tu. Lakini kuna watu walifika hospitali sababu ya kazi hiyo.

Polipi ni nini? Wavuvi wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaweza kutusaidia kuelewa. Ndani ya Ziwa Tanganyika kuna kiumbe kidogo, cha duara kama feza ya chuma, mwili wake kama maji, kinaogelea kwa kujifungua na kujifunga. Ni meduza, na wataalamu wanamuita Limnocnida tanganjicae. Sasa meduza ana ndugu zake wa bahari ambao hawaogelei. Wanajishika kwa jiwe, mwili ni kama mrija mfupi, mdomo uko juu, na kuzunguka mdomo kuna mikono laini yenye sumu ya kukamata chakula. Huyo ndiye polipi. Matumbawe, yale mawe hai ya bahari, yanajengwa na polipi maelfu na maelfu. Hawa wa bahari hawawezi kuishi katika ziwa letu, maana wanahitaji karibu gramu 35 za chumvi kwa kila litre ya maji.

Mwenye akwariomu ananunua jiwe lenye matumbawe, analiweka ndani, kumbe jiwe limebeba na mgeni. Mgeni anayejulikana sana anaitwa Aiptasia. Ni anemoni mdogo wa rangi ya kahawia, tena anapitisha mwanga kidogo, shina nyembamba, mikono mirefu yenye ncha kali. Ukimgusa anajivuta mara moja ndani ya shimo la jiwe. Kuna mwingine anaitwa majano: yeye ni mfupi na mnene, na ncha za mikono yake ni kama vipulizo vidogo. Wote wawili wanachoma matumbawe ya jirani na kukamata nafasi yao.

Mutu wa kwanza kuona Aiptasia anataka kumkata ao kumkwangua kwa kisu. Hapo ndipo anaharibu. Mkulima wa mihogo anajua: ukikata mti vipande vitatu ukapanda, utapata mihogo mitatu. Aiptasia ni vilevile. Kipande kidogo cha mguu wake kinachobaki kwa jiwe kinaota na kuwa mwingine mzima. Wewe unafikiri umeondoa mmoja, nyuma ya juma chache unahesabu kumi.

Wenye uzoefu wanafanya namna ingine. Wanakoroga chokaa safi na maji mpaka iwe kama uji, wanaiweka ndani ya seringe, wanasimamisha pampu ya maji, kisha wanamwagia Aiptasia polepole juu ya mdomo. Anameza na kufa. Wanafanya wachache kwa siku, maana chokaa nyingi inabadilisha maji na kuua samaki. Kama jiwe moja tu ndilo limejaa, rahisi zaidi ni kulitoa. Wengine wanatumia adui wa asili: aina moja ya kamba wa bahari anaitwa Lysmata, ao konokono mdogo asiye na gamba anaitwa Berghia. Huyu Berghia chakula chake ni Aiptasia peke yake. Wakiisha, na yeye anakufa njaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia safi, ila inaomba uvumilivu na feza.

Hatari kubwa haiko kwa Aiptasia. Iko kwa polipi wengine wazuri sana, wenye kufanana na vifungo vya shati, kijani, machungwa ao kahawia, wakiwa wamesongamana juu ya jiwe. Wanaitwa zoantidi. Wamoja kati yao, zaidi wale wa jina Palythoa, wanabeba sumu inaitwa palitoksini. Ilitambuliwa na wataalamu huko Hawaii mwaka 1971, na ni moja ya sumu kali sana zinazojulikana. Inashika ile pampu ndogo ya seli zetu inayopanga sodiamu na potasiamu, inaiacha wazi kama mlango uliovunjika.

Tena moto wa jikoni hauiui. Mwaka 2007, katika jimbo la Virginia, Marekani, mutu mmoja alitaka kuondoa polipi hizi kwa maji ya kuchemka. Alivuta mvuke, akashindwa kupumua vizuri. Mwaka 2018, katika Oxfordshire, Uingereza, watu wa familia moja na wengine waliokuja kuwasaidia walipelekwa hospitali nyuma ya kusafisha akwariomu. Kule Alaska pia visa vya namna hiyo viliandikwa kati ya 2012 na 2014.

Kwa hiyo, jiwe lenye vifungo hivyo halichemshwi, halikwanguliwi kwa burashi, halioshwi kwa maji ya moto wala kwa maji yenye presha. Kama ni lazima kulitoa, linatolewa likiwa bado chini ya maji, ndani ya ndoo ya maji yake yenyewe. Mutu avae ganti, miwani ya kufunika macho na kashene, madirisha yafunguliwe, watoto watoke. Na kama ni akwariomu ya bosi, mfanyakazi ana haki ya kuuliza ni polipi gani iko ndani mbele ya kutia mkono.

Dalili zinaweza kuanza nyuma ya saa chache: homa, kikohozi, pumzi fupi, ladha ya chuma mdomoni, maumivu ya misuli, macho mekundu yenye kuuma. Mutu anaweza kufikiri ni mafua. Dawa ya kuua sumu yenyewe haipo. Waganga wanasaidia pumzi na moyo mpaka mwili ujirudishe. Lakini wanapaswa kujua: ukifika hospitali sema wazi kwamba uligusa matumbawe ya akwariomu, na taja jina palitoksini. Kama sumu imeingia jicho, osha kwanza kwa maji mengi, kisha uende bila kungoja kesho.