Bakuli la Mtoto Anayechagua Chakula

Ufuoni Sori, kwenye ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori, omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu tangu jua lichomozapo. Samaki huyu huliwa mzima, kichwa hadi mkia, mifupa na yote, ndiyo maana humpa mlaji protini, madini ya chuma, zinki na kalisi kwa mkupuo mmoja. Sehemu kubwa ya omena wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha kuku. Lakini lililonikaa moyoni lilikuwa dogo zaidi. Nyumba chache kutoka hapo ufuoni, mtoto wa miaka miwili alikuwa amefumba kinywa. Omena hataki, osuga, yaani mnavu, hataki. Anataka ugali na mchuzi, basi.

Majirani walisema amedekezwa. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho hakukubali. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Gwassi, Homa Bay, aliyeolewa Karungu. Ni mmoja wa maelfu ya wahamasishaji waliokabidhiwa mikoba ya vifaa vya kazi mwaka 2023.

“Mwanangu, kabla hujamwita mkaidi, uliza alikunywa nini saa kumi na moja,” aliniambia.

Alikuwa amekunywa chai na kula mandazi. Chakula cha usiku kikaiva saa tatu. “Huyo hakatai chakula. Ameshiba chai, na sasa ana usingizi.” Kisha huuliza habari za malaria, minyoo na vidonda vya mdomoni, na kumzungushia mtoto utepe mkononi. Chini ya sentimita 12.5 ni rangi ya njano; chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo hazungumzii tena mapishi. Mtoto anapelekwa hospitali.

Baada ya hayo ndipo huuliza, “Mama, bakuli lake liko wapi?”

Nililiona mwenyewe. Ni bakuli la plastiki la kawaida, la rangi ya chungwa, lililochakaa ukingoni. Ndani lina mchirizi uliochorwa kwa msumari wa moto, pale maji ya kikombe cha mililita 250 yanapofikia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anapaswa kula robo tatu ya kipimo hicho, au chote, kila anapokaa kula. Nyumba nyingi watoto huzunguka sinia moja. Mwenye mkono mwepesi hushiba. Anayechagua-chagua hubaki akilamba vidole. Sinia ikiwa tupu, mama huamini wote wamekula.

“Sinia haisemi nani amekula,” alisema. “Bakuli linasema.” Kila akitembelea nyumba huomba aonyeshwe bakuli hilo, na si mara moja amelikuta limegeuzwa la chumvi au la sabuni. Hagombi. Analiosha, analirudisha mahali pake na kueleza upya.

Anachokitia humo hakitoki dukani. Osuga huchemshwa kisha hutiwa maziwa, hulazwa na kurudishwa motoni kesho yake, uchungu upungue. Omena huloweshwa maji ya moto, huoshwa mchanga, hukaangwa bila mafuta, hutwangwa na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha unga huo huingia kwenye uji. Lakini wawili watatu huwaacha wazima, wamekaangwa kwa nyanya, kando ya ugali.

“Nusu mfiche, nusu mwonyeshe. Ukimficha yote, atakua bila kumjua omena. Akikataa, nyamaza. Kesho mwekee tena.”

Wataalamu wa lishe wanamuunga mkono: mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Wengi wetu hukata tamaa mapema. Jambo moja tu humfanya mama huyu apaze sauti, nalo ni kumbana mtoto pua ili ameze uji. “Unamfundisha kuogopa bakuli.”

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) unaonyesha udumavu kwa watoto walio chini ya miaka mitano umeshuka, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, ushauri wote niliousikia Sori unadai kitu ambacho akina mama wa ufuoni hawana: muda. Alfajiri wanasubiri mashua. Mchana wanageuza omena na kuchungulia mvua. Bakuli huachiwa dada wa miaka minane. Je, atakaa nusu saa akimbembeleza mdogo wake? Na uvuvi wa omena unapofungwa, Aprili hadi Julai, mama yuko nyumbani na muda anao, ila pesa hana.

Nilimuuliza mhamasishaji afanyeje. “Hapo umenishinda, mwanangu,” alisema. “Dada mtu namfundisha, lakini naye ni mtoto.”

Anachotamani ni kibanda chenye kivuli papo hapo ufuoni, watoto walindwe na kulishwa mama zao wakiwa kazini. Omena anayeanikwa hapo huiletea kaunti mapato na huvipa vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) ada zao. Wakuu wa Migori na Homa Bay watuambie: kibanda hicho kinasubiri nini?