Shingo na Kipandauso: Tathmini na Tiba katika Mazingira ya Bujumbura

Makala haya yanajadili namna ya kutathmini na kutibu maumivu ya shingo kwa watu wenye kipandauso. Hoja yake ni kwamba shingo inayouma si lazima iwe na hitilafu, na kwamba kutotofautisha mambo hayo mawili humgharimu mgonjwa.

Neva za pingili tatu za juu za shingo hukutana, karibu na shina la ubongo, na neva zinazoleta hisia za uso na za utando wa ubongo. Kwa hiyo maumivu ya kichwa huweza kuhisika shingoni, na ya shingo kichwani. Uainishaji wa Kimataifa wa Maumivu ya Kichwa, toleo la tatu la mwaka 2018, hautaji shingo katika vigezo vya kipandauso; hata hivyo wagonjwa wengi huumwa shingo, pengine kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Mchuuzi wa Bujumbura abebaye kapu la ndizi kichwani ataulaumu mzigo. Huenda mzigo unachangia, lakini jibu hutokana na uchunguzi. Kwanza, homa pamoja na shingo kukakamaa, maumivu makali ya ghafla, au udhaifu wa kiungo, vyahitaji rufaa ya haraka: si kila homa ni malaria, huenda ikawa ya uti wa mgongo. Pili, aulizwe kama shingo huuma hata siku zisizo na kipandauso. Tatu, katika siku kama hizo, alazwe chali, shingo ikunjwe kikamilifu kuelekea kifuani, kisha kichwa kigeuzwe kila upande. Kwa kawaida hufika takriban nyuzi 44. Upungufu dhahiri huashiria ugumu kati ya pingili ya kwanza na ya pili.

Hitilafu ikithibitika, mazoezi na tiba ya mikono viongezwe kwenye tiba ya kipandauso, visichukue nafasi yake. Isipothibitika, kitibiwe kipandauso chenyewe. Mgonjwa aonywe pia kwamba kumeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kuzalisha maumivu mapya ya kichwa.

Uchunguzi huu hauhitaji mashine, bali kitanda, mikono iliyofunzwa na maswali yanayoeleweka. Nchini Burundi tabibu husomea Kifaransa, ilhali mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kirundi au Kiswahili. Tunapendekeza mwongozo mfupi wa maswali kwa lugha hizo mbili, utumike tangu kituo cha afya cha mtaani.