Ndege ya Alfajiri na Siri ya Nauli Nafuu

Ndege ya kwanza ya shirika la bei nafuu huruka kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, aghalabu kutoka uwanja mdogo ulio mbali na mji ulioandikwa kwenye tiketi. Frankfurt-Hahn, nchini Ujerumani, ni mfano unaofaa. Uwanja huo ulikuwa kambi ya jeshi la anga la Marekani hadi mwaka 1993. Uko kwenye vilima vya Hunsrück, na kuufikia kutoka katikati ya Frankfurt ni mwendo wa kilomita 120 hivi, mbali kupita Dar es Salaam hadi Chalinze. Ryanair, shirika la Ireland, lilianza kuutumia mwaka 1999, na kwa miaka mingi maelfu ya abiria wakawa wanaingia humo usiku wa manane kwa ajili ya nauli isiyopatikana kwenye uwanja mkuu.

Unafuu wa nauli hiyo huanzia kwenye saa. Ndege iliyosimama chini haiingizi hata senti, ilhali mkopo wake, bima na mishahara ya watu wake vinaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo kila shirika la aina hii hujaribu kuibana ndege ifanye safari nyingi iwezekanavyo kwa siku. Tuseme safari moja inachukua saa moja na nusu, na kati ya safari moja na nyingine ndege inakaa chini dakika 25. Ikiruka saa 12:30 asubuhi, itakuwa imekamilisha safari nane ifikapo saa 3:25 usiku. Ikikaa chini dakika 50 kila mara, kufikia saa hiyo itakuwa imefanya sita tu. Safari mbili zilizopotea, kwa ndege ya Boeing 737-800 yenye viti 189, ni viti 378 ambavyo havikuuzwa. Na ndege hiyohiyo ikichelewa kuanza hadi saa 3:30 asubuhi, safari ya nane itatua saa 6:25 usiku, wakati ambapo viwanja vingi vya Ulaya vimekwisha kufungwa ili wakazi wa jirani walale. Abiria anaamshwa usiku ili hesabu hiyo itimie.

Ujuzi wa kuharakisha ndege ikiwa chini ulitoka Marekani. Mwaka 1972 Southwest Airlines, shirika changa la Texas lililokuwa na ndege nne, lilibanwa na fedha likauza moja. Ratiba haikupunguzwa. Wafanyakazi walijifunza kuishusha ndege abiria na kuipakia upya kwa dakika 10, na ndege tatu zikafanya kazi ya nne. Ryanair, lililoanza safari zake mwaka 1985, liliiga mtindo huo katika miaka ya 1990, na wakati huohuo Umoja wa Ulaya ukawa unaondoa vizuizi vya nani aruke wapi. Alama za haraka hiyo zinaonekana hadi ndani ya ndege. Viti haviegemei nyuma na havina mifuko ya kuwekea vitu, hivyo hakuna takataka za kuchokonolewa humo. Maelekezo ya usalama yamebandikwa mgongoni mwa kiti cha mbele. Ngazi ya mlango wa mbele hujikunjua kutoka ndani ya ndege yenyewe, na abiria hupanda kwa milango miwili, ya mbele na ya nyuma, baada ya kutembea kwa miguu kutoka jengoni.

Kutembea huko kunawezekana kwa sababu uwanja ni mdogo. Kwenye uwanja mkubwa ndege hupanga foleni kabla ya kuruka, husubiri maegesho, na hulipa ada kubwa. Uwanja mdogo hauna foleni, na unazitaka ndege za mashirika haya kwa udi na uvumba, hivyo hutoza kidogo. Pengine hutoza kidogo mno. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliamua kwamba baadhi ya nafuu ambazo Ryanair lilipewa kwenye uwanja wa Charleroi, Ubelgiji, zilikuwa msaada wa serikali usio halali. Mahakama ya Ulaya ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2008. Hata hivyo suala la msingi linabaki palepale: sehemu ya nauli ya bei nafuu huweza kulipwa na mlipa kodi wa mkoa ambaye hapandi ndege hiyo.

Sehemu nyingine hulipwa na abiria mwenyewe. Mtu wa Frankfurt anayesafiri saa 12:30 asubuhi kutoka Hahn anatakiwa awe mlangoni kabla haujafungwa, dakika 20 kabla ya kuondoka. Basi huchukua karibu saa mbili, kwa hiyo hana budi kulipanda saa 9 usiku au mapema zaidi, na wapo wanaofika jioni wakajilaza kwenye benchi, begi chini ya kichwa. Usajili wa safari hufanywa kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, na anayeusahau hutozwa kaunta kiasi kinachoweza kuzidi nauli. Begi la mkononi nalo hupimwa kwenye kifremu cha chuma karibu na mlango. Hapo ndipo watu huonekana wakivaa makoti mawili kwa pamoja. Mashirika hayo hupata fedha nyingi katika mizigo, viti vya kuchagua na malipo mengine ya ziada, na abiria asiyejihesabia mapema ndiye anayefidia nauli ya aliyejihesabia.

Alfajiri ina faida zake za kweli. Ndege ya kwanza imelala hapohapo uwanjani, haingojwi kutoka mji mwingine, na hivyo haijarithi ucheleweshaji wa yeyote. Hewa ya baridi ni nzito, mabawa na injini huifaidi zaidi, jambo lenye uzito katika viwanja vya juu kama Eldoret, ulio zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mtikisiko wa mchana, unaoletwa na ardhi iliyopata joto, haujaanza. Adui wa saa hiyo ni ukungu, ambao kwenye vilima kama vya Hunsrück hushuka kabla ya mapambazuko. Ndege hiyo ikikwama, safari zote za siku husukumwa mbele.

Marubani nao wana mipaka. Kwa kanuni za Ulaya, rubani anayeripoti kazini kuanzia saa 12 asubuhi anaruhusiwa zamu ya hadi saa 13, ikipungua kadiri safari zinavyoongezeka, ila anayeripoti saa 11 alfajiri hupewa saa 12 tu. Safari nane kwa hiyo hugawiwa timu mbili, zinazopokezana mchana kwenye uwanja wa nyumbani.

Afrika Mashariki iliujaribu mtindo huu wazi tarehe 29 Novemba 2012, Fastjet lilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, lilifuata mwaka 2014. Fastjet liliacha kuruka Tanzania mwishoni mwa 2018. Jambojet limeendelea, na hutumia ndege ya Dash 8-400 yenye viti 78 kwenda viwanja vidogo kama Ukunda. Ugumu mmoja wa eneo hili haupo Hahn: karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na uwanja usio na taa za njia ya kurukia hauwezi kupokea ndege nje ya saa hizo. Ndege isiyoweza kuanza kabla ya jua wala kumaliza baada yake haitimizi safari nane. Mikoa inayotaka nauli nafuu ianze kwa kudai taa hizo.