Utafiti wa Vikundi Mtandaoni na Ufundishaji wa Lugha Kasulu na Kibondo

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika wilaya za Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, huishi kati ya lugha tatu: Kiha, kinachokaribiana sana na Kirundi, hutawala nyumbani na shambani, Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya soko na ya ofisi, na Kiingereza hugeuka ghafla kuwa lugha ya kufundishia masomo mengi ya sekondari. Kwa wengi, Kiingereza hakisikiki nje ya shule, na hata Kiswahili cha kujenga hoja kwa maandishi hupatikana zaidi darasani kuliko kwingineko, ilhali humo darasani, kwa sababu ya wingi wa wanafunzi, sauti inayosikika kwa muda mrefu zaidi ni ya mwalimu. Utafiti wa vikundi unaotumia intaneti unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu humpa mwanafunzi nafasi ya kusoma, kusema na kuandika kwa lengo analoliona mwenyewe.

Njia hiyo iliasisiwa mwaka 1995 na Bernie Dodge, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego nchini Marekani, akishirikiana na Tom March, nao waliiita WebQuest. Kiini chake ni kwamba mwanafunzi hatumwi mtandaoni kwenda kuhangaika peke yake, bali mwalimu humtayarishia utangulizi unaoeleza tatizo, kazi inayotakiwa kukamilishwa, hatua za kufuata, vyanzo vilivyochaguliwa mapema, vigezo vya tathmini na hitimisho linalompa nafasi ya kutafakari alichojifunza. Maelekezo ya namna hiyo huitwa viunzi vya kujifunzia, yaani msaada wa muda ambao mwalimu huuweka mwanzoni na kuuondoa kidogo kidogo kadiri mwanafunzi anavyomudu kazi. Dodge alitofautisha utafiti mfupi, unaomalizika katika kipindi kimoja hadi vitatu, na utafiti mrefu unaoweza kuchukua wiki moja hadi mwezi.

Mfano unaofaa kwa shule za Kasulu na Kibondo unapatikana karibu nao. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yaani eneo la mito, maziwa madogo na mabwawa ya mafunjo linalogusa wilaya hizo, iliorodheshwa mwezi Aprili 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ulitiwa saini nchini Iran mwaka 1971 kwa ajili ya kulinda ardhioevu duniani. Mwalimu anaweza kuuliza swali moja pana: eneo hilo litumiweje ili liwafae wakazi wa leo bila kuwanyima watakaokuja? Katika kila kikundi mmoja huchukua nafasi ya mvuvi, mwingine ya mfuga nyuki, wa tatu ya mfugaji na wa nne ya mhifadhi anayefuatilia ndege adimu kama korongo-nyangumi. Wenye nafasi inayofanana hukutana kwanza kusoma chanzo chao, kisha kila mmoja hurudi kikundini na habari ambayo wenzake hawana, na kwa kuwa ripoti haiwezi kukamilika bila habari hizo zote, hakuna anayeweza kunyamaza.

Faida ya kilugha huonekana pale vyanzo vinapoonekana kupingana. Ukurasa mmoja unaweza kutaja hekta 3,250,000 na mwingine kilomita za mraba 32,500, na wanafunzi wakadhani kwamba mmoja umekosea, mpaka atokee wa kueleza kwamba kilomita moja ya mraba ina hekta 100 na kwamba takwimu zote mbili zinasema jambo lilelile. Ili aeleweke, mwanafunzi huyo hulazimika kulinganisha, kutoa sababu na kukubali au kukataa kwa adabu, na hizo ndizo stadi ambazo zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi haliwezi kuzijenga. Iwapo chanzo ni cha Kiingereza na ripoti inatakiwa kwa Kiswahili, au kinyume chake, mwanafunzi hawezi kunakili sentensi za mwingine, kwa kuwa lazima aelewe kwanza ndipo aandike.

Vikwazo vipo, na havipaswi kufichwa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, mtandao hukatikakatika na bando hugharimu fedha. Hata hivyo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu nchini, na kishikwambi kimoja chatosha kwa mwalimu kupakua kurasa anazozihitaji akiwa mahali penye mtandao mzuri, akazihifadhi kwenye flashi au kuchapisha nakala chache za kugawa kwa vikundi. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu mwaka 1996, mpango wa Vodafone Foundation na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ulioanzia Dadaab nchini Kenya mwaka 2013, ulipeleka vishikwambi na mtandao katika madarasa ya watoto waliokuwa wakifuata mitaala ya Kongo na Burundi, jambo linaloonyesha kwamba kuwa mbali na miji mikubwa si sababu ya kutosha ya kukata tamaa.

Kikwazo kizito kuliko ukosefu wa vifaa ni swali dhaifu. Mwanafunzi akiagizwa aandike kuhusu ardhioevu kwa ujumla, atanakili ukurasa wa kwanza anaoukuta. Akiagizwa apendekeze uamuzi na kuutetea mbele ya wenzake, kunakili hakutamsaidia. Vigezo vya tathmini navyo vinapaswa kutangazwa kabla ya kazi kuanza, na alama zigawanywe kati ya ripoti ya kikundi na maelezo ya mdomo ya kila mwanafunzi, ili mwenye bidii asiwabebe wavivu na asiyejiamini asijifiche nyuma ya wenzake.

Utayarishaji wa kazi kama hizo huchukua muda ambao mwalimu mmoja mwenye vipindi vingi hana, ndiyo maana vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga vina nafasi ya pekee: kila mwanachuo akitayarisha utafiti mmoja kuhusu jambo la wilaya hizi, pamoja na vyanzo vyake vilivyopakuliwa, shule jirani zitapata hazina isiyotegemea mtandao wa kila siku. Kuusubiri mtandao kamili ndipo ufundishaji ubadilike ni kuwacheleweshea watoto haki yao, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii, yaani swali zuri, mgawanyo wa haki wa majukumu na muda wa kuzungumza, imo mikononi mwa walimu tayari.