Ngome ya Lewes na Mfalme Aliyeshindwa

Vijana wetu wengi wanaosafiri kwenda Uingereza huiona London tu, kisha wakarudi. Tunawaelekeza Lewes, mji mdogo wa kusini, mwendo wa kiasi cha saa moja kwa treni kutoka London. Mji huu umejengwa ubavuni mwa kilima cha chaki, na mto Ouse wapita chini yake. Njia zake ni za kupanda na kushuka, na iitwayo Keere Street imetandikwa mawe nayo ina mwinamo mkali. Basi mgeni na avae viatu madhubuti.

Juu ipo ngome, iliyojengwa na William de Warenne baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ngome nyingi za zama zile zilikuwa na kilima kimoja kilichoinuliwa kwa mikono ya watu. Hii ina viwili.

Apandaye mnarani ataona, upande wa kaskazini-magharibi, miteremko ambako tarehe 14 Mei 1264 Mfalme Henry III alipigana na mabwana wa nchi yake. Wao walitaka mfalme atawale kwa shauri la baraza, naye hakuridhia. Kiongozi wao alikuwa Simon de Montfort, mume wa dada yake mfalme.

Mfalme alikaa katika nyumba ya watawa bondeni, na mwanawe Edward akakaa ngomeni. Jeshi lao ndilo lililokuwa kubwa. Lakini Simon aliwahi kushika mahali pa juu. Edward, kijana wa miaka 24, aliwavamia watu wa London waliokuwa upande mmoja wa jeshi la Simon, akawavunja, na kwa ghadhabu akawafukuza mbali sana. Aliporudi alikuta vita vimekwisha na baba yake ameshindwa. Ngome ilikuwa imara, wala haikumfaa kitu.

Januari 1265 Simon aliita baraza, wakaitwa humo si mabwana peke yao, bali na wajumbe wa miji. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule Edward alimshinda huko Evesham, na Simon akauawa. Hata hivyo, Edward alipokuwa mfalme, yeye mwenyewe aliwaita wajumbe wa miji katika mabaraza yake, kama lile la mwaka 1295.

Enyi vijana, Edward hakukosa ushujaa siku ile ya Lewes; alikosa kiasi. Nanyi wazazi, mtoto wenu akijaaliwa kufika huko, mwambieni asitosheke na kupiga picha langoni. Na apande ngazi, atazame kilima na bonde, aelewe ni vipi mwenye jeshi kubwa na ngome alishindwa.