Kutoka Pikipiki Ndogo Kupanda Pikipiki ya Nguvu

Labda umeendesha pikipiki ndogo ya 125 kwa mwaka mmoja au miwili. Umebeba mke wako, magunia ya mihogo, hata mbuzi. Haijakuangusha, na sasa unaiona kuwa ya watoto. Umesikia pikipiki ya mashindano ikilia kama nyuki wengi, na moyo wako unaitamani. Sikiliza kwanza, kisha nunua.

Pikipiki ya 125 ina nguvu za farasi 10 au 15 hivi. Ya mashindano ya 600, kama Yamaha R6, ina karibu 120, na uzito wake ni kama kilo 190 tu. Gia ya kwanza peke yake yaweza kukupitisha kilometa 100 kwa saa. Juu ya pikipiki ndogo, gurudumu likigonga shimo na mkono ukitetemeka, si kitu. Juu ya ile kubwa, mkono ukizungusha mafuta kidogo tu, inaruka nawe. Freni yake ya mbele pia ni kali sana. Ukiibana ghafula, kama ulivyozoea kubana ile dhaifu, gurudumu laweza kukwama, nawe unaanguka. Anza kuibana pole, halafu ongeza nguvu.

Fahamu hesabu hii. Mwendo ukiwa mara mbili, njia unayopita ukifunga freni mpaka kusimama inakuwa mara nne. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa unapita meta 28 kila sekunde. Mbuzi akiingia barabarani, nawe ukikawia sekunde moja kufahamu, umekwisha kupita meta 28 kabla ya kugusa freni.

Katika Ufaransa, tangu Juni 2016, mtu anayeanza hapewi mara moja ruhusa ya kuendesha pikipiki ya nguvu zote. Kwanza anakaa miaka miwili na ile isiyopita nguvu za farasi 47 hivi, kisha anafundishwa saa 7 tena. Naona sheria hii ina akili. Hata kama hakuna wa kukulazimisha, fanya hivyo: pitia ya 300 au 400. Majuma ya kwanza usibebe mtu. Tafuta barabara ya lami iliyo kavu na tupu, maana mipira ya pikipiki hizi haikufanywa kwa matope yetu.

Usiseme, “Mimi ni fundi wa kuendesha.” Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita ya Waarabu, alizoea sana pikipiki kubwa za Brough Superior. Mwezi wa Mei 1935 aliwakwepa vijana wawili wenye baiskeli, akaanguka. Hakuvaa kofia ngumu. Alikufa baada ya siku sita. Munganga wa ubongo Hugh Cairns, mmoja wa waliomwangalia, akaanza baadaye kuchunguza vichwa vya waendeshaji walioumia. Mwaka 1941 aliandika alichokiona, na mwaka ule ule jeshi la Uingereza likaamuru waendeshaji wake wavae kofia.

Uchunguzi mwingi uliokusanywa tangu hapo unaonyesha kwamba kofia inapunguza vifo kama 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kama 69 katika 100. Ubongo ni laini kama paipai lililoiva. Ndani ya kofia mna kitu chepesi kinachobonyea ili pigo lisifike lote kichwani. Vaa pia glavu, kwa maana anayeanguka hutanguliza viganja, na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu.

Ukimkuta mwenzako ameanguka, usimvute kwa mikono wala usimnyang'anye kofia haraka, kwa maana shingo yaweza kuwa imevunjika. Asipopumua, hapo ni lazima ivuliwe: mmoja ashike kichwa na shingo visisogee, mwingine aivute polepole.

Na kofia iliyokwisha kupigwa katika ajali, usiitumie tena wala usimwuzie jirani. Kile kitu cha ndani kikibonyea hakirudi, hata kama rangi ya nje ingali inang'aa.