Mwafrika Asiye na Kesho: Hukumu Isiyoifaa Riwaya

Mwandishi wa Kampala anayetaka kutunga riwaya ya safari ya wakati, yaani hadithi ambayo mhusika wake huhama kutoka enzi moja hadi nyingine, hachelewi kuulizwa kama masimulizi ya namna hiyo si mali ya Wazungu, ilhali Mwafrika, kwa madai ya muulizaji, hana dhana ya wakati ujao. Swali hili limekwisha kuchosha, na linachosha zaidi kwa kuwa aghalabu huulizwa na waliosoma.

Chimbuko lake ni John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kuanzia 1964 hadi 1974, ambaye katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliugawa wakati kuwa Sasa na Zamani, akashikilia kwamba katika fikra za jadi wakati huelekea nyuma na kwamba mustakabali hauvuki miaka 2. Alitegemea sana njeo, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati wa tendo, za Kikamba na Kigikuyu, na kutokana na ushahidi huo mwembamba hukumu ikashushwa juu ya bara zima. Kiganda, kinachozungumzwa nje ya lango la Makerere kwenyewe, kingetosha kuitia shaka, kwa sababu humtenga anayesema atakwenda punde (nnaagenda) na anayesema atakwenda siku za mbali (ndigenda), tofauti ambayo Kiswahili hakiionyeshi kwa kitenzi, wala hilo si ushahidi kwamba Waswahili hawaijui karne ijayo. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alikwisha kuipinga hoja hiyo mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan. Tena sarufi si kipimo cha fikra: mkulima wa Buganda hupanda mbuni akijua kwamba hautampa mavuno ya maana kabla ya takriban miaka 3, na familia zinazokutana katika kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hufunga ahadi zinazowahusu watoto ambao hawajazaliwa. Mtu asiye na kesho hapandi wala haposi.

Riwaya ya safari ya wakati inayochanganya fumbo na mapenzi inaivunja hoja ya Mbiti kwa muundo wake, kwa kuwa fumbo hudai wakati uliopita ambao ushahidi wake hauhongeki, nayo mapenzi hudai wakati ujao unaoweza kuahidiwa. Mbuya, kitongoji cha Kampala, inatosha kwa yote mawili: ikiwa noti ya toleo la 2010 itakutwa mfukoni mwa maiti ya Aprili 1979, katika wiki ambayo majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala na noti za sokoni bado zina sura ya Idi Amin, msomaji amekwisha kupata kosa la jinai, tarehe na mgeni asiye wa zama zile, bila mashine yoyote kutajwa. Mwandishi Mganda Jennifer Makumbi, katika riwaya yake Kintu, aliunganisha 1750 na 2004 kwa laana tu.

Njia za kuusimulia wakati wa safari hiyo ni chache na zisicheleweshe mtu. Wakati uliopita usiobadilika ndio unaofaa fumbo, kwa kuwa kila kidokezo hubaki mahali pake. Unaobadilika huwapa wapendanao tumaini, lakini huleta mkanganyiko wa babu, yaani mjukuu kumuua babu yake kabla mzazi wake hajazaliwa. Ulimwengu sambamba, yaani dunia nyingine inayokwenda bega kwa bega na hii, huuondoa mkanganyiko huo, ila humpunguzia mpenzi thamani, kwani nakala yake ipo kwingine. Mwandishi achague kanuni moja kabla ya sura ya pili na asiivunje, asimalizie kwa ndoto, kisha akague fedha, mavazi na majina ya barabara, akikumbuka kwamba mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya. Atakayekosea hapo haokolewi na mashine wala na falsafa.